Saa Moja na Dakika Ishirini na Tano Kutoka Luton

Kazi yangu ni kuzika watu. Nina baa pia, na nyuma ya baa kuna duka la misumari na rangi, lakini hivyo viwili mtu yeyote mwenye mikono angeviendesha. Kuzika kunataka mtu anayejua muda. Padri ana misa nyingine kijiji cha pili, wachimba kaburi wana ng'ombe wanaosubiri kukamuliwa, na giza la Desemba huku Mayo, magharibi mwa Ireland, halina adabu, linaingia saa kumi na robo jioni bila kubisha hodi. Asiyejua kupanga dakika asijiingize.

Uwanja wa ndege ulipofunguliwa pale Knock, juu ya kilima, kazi iliniongezeka. Watu wetu waliokwenda Uingereza kujenga barabara walianza kurudi kwa ndege wakiwa ndani ya masanduku, na mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kuwapokea. Nikawa nazijua safari zote kwa kichwa. Manchester hadi Knock, saa moja na dakika tano. Luton hadi Knock ni maili mia tatu na themanini, saa moja na dakika ishirini na tano hewani. Upepo wa magharibi ukikaza, ongeza dakika kumi. Watu wakazoea kuja kuniuliza mimi, Enda, kabla ya kupiga simu uwanjani. Nilipenda kuulizwa. Nilipenda mno, na hilo niliseme mapema ili nisije nikajipamba.

Delia Gaughan alikufa Jumanne asubuhi, wiki ya pili ya Desemba mwaka 1991. Kabla ya saa sita mchana mwanawe Jarlath alikuwa kaunta kwangu, mabuti ya mpira miguuni, tope mpaka magotini.

Huyu Jarlath alikuwa na miaka arobaini na minane na hakuoa. Miaka kumi na mmoja alimuuguza mama yake peke yake. Alimwogesha, alimgeuza kitandani, alimkatia kucha, na baada ya hapo ndipo akaenda kwa ng'ombe. Dada yake, Attracta, alikuwa muuguzi huko Luton. Alikuja kila Agosti kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo nyumba ilinukia sabuni nzuri. Mimi simlaumu aliyeondoka. Nusu ya parokia yetu iliondoka.

Lakini akili ya Delia ilipoanza kupotea, jina alilobaki nalo lilikuwa la Attracta tu. Siku moja nilipita kuwasalimia nikamkuta Jarlath amemshikia mama yake kijiko cha uji mdomoni. Yule mama akakisukuma. "Attracta amefika?" akaniuliza mimi. "Mwambie huyu mwanamume atoke. Attracta aje anilishe." Huyo mwanamume alikuwa mwanawe. Jarlath alipangusa uji kwenye shuka, akachota kijiko kingine.

Basi siku hiyo ya Jumanne nikamwambia, "Pole sana, Jarlath. Mama amepumzika."

"Amepumzika, ndiyo. Unajua alichosema mwisho?"

"Alisema nini?"

"Aa, Enda, usinichokoze. Unajua vizuri alichosema. Nipe chai."

Nikampa chai, nikaongeza wiski bila kuulizwa. Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya waya wa uzio, "Ndege ya Luton ya Alhamisi inafika saa ngapi?"

Sikujua ananiuliza kwa nini. Nilijua jibu tu, na nikalimwaga lote. "Inaruka saa nane na robo mchana. Maili mia tatu na themanini, saa moja na dakika ishirini na tano, inatua saa kumi kasoro dakika ishirini. Mpe Attracta dakika kumi za kutoka nje. Barabarani mpaka kwenu ni dakika arobaini. Saa kumi na nusu yuko mlangoni, kama hana begi la kungojea."

"Una uhakika?"

"We Jarlath, lini umesikia nimekosea?"

Akatikisa kichwa polepole, akameza chai. "Basi tangazo liandike hivi. Jeneza linafungwa nyumbani Alhamisi, saa kumi kamili jioni, halafu kanisani."

Nilidhani hakunisikia. "Saa kumi? Jarlath, si ndiyo kwanza nakwambia saa kumi na nusu ndiyo anafika?"

"Nimekusikia. Giza linaingia mapema. Watu wana mifugo."

"Na Attracta?"

"Attracta nimempigia. Nimemwambia saa kumi na mbili."

Akanitazama usoni aliposema hivyo. Hakuficha. Alinionyesha kitu chote mezani, kama anayeonyesha jino lililong'olewa, akangoja nitasema nini.

Sasa, huku kwetu saa ya kufunga jeneza inatolewa na mfiwa mkuu, na hakuna anayembishia mtu siku ya msiba. Inasomwa redioni mchana, baada ya bei za ng'ombe, na parokia nzima inaacha kijiko mezani ili isikie. Ikishasomwa haibadiliki. Redio yenyewe haifiki Luton. Jarlath alilijua hilo na mimi nililijua. Ningeweza kukataa kuandika. Ningeweza kusema, kaoge kwanza, ulale, urudi kesho tuzungumze. Nilichukua kalamu, nikaandika saa kumi kamili.

Kwa nini? Nimejiuliza vya kutosha. Kwanza ni uoga, sitaki kelele na mtu anayebeba kila jeneza ninalolitoa. Lakini pia, na hili ndilo linaloniuma, kuna sehemu yangu iliyosema: acha na yeye aonje kidogo. Miaka kumi na mmoja ya sabuni nzuri, acha aonje. Kana kwamba mimi nilikuwa nimemlisha Delia hata kijiko kimoja.

Tangazo lilisomwa Jumatano mchana. Jioni hiyo hiyo simu ya baa ikalia.

"Enda? Ni Attracta. Attracta wa Delia."

"Pole sana, dada. Pole sana."

"Asante." Alivuta pumzi. Nyuma yake nilisikia toroli la hospitali likipita, kumbe alikuwa bado zamu. "Enda, samahani nakusumbua, najua una wateja. Nilitaka kukuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unajua. Kuna mwenzangu hapa ananishauri nipande ndege ya asubuhi ya Dublin, halafu basi, saa nane nitakuwa nyumbani. Lakini ni kuhangaika, na Jarlath ameniambia wanafunga saa kumi na mbili. Hii ya moja kwa moja ya Knock inachukua muda gani hasa?"

Baa ilikuwa imejaa. Watu watatu walikuwa wanacheka kwa kituko cha fahali aliyeingia shuleni. Nilikuwa na simu sikioni na mkono mwingine kwenye bomba la bia.

"Saa moja na dakika ishirini na tano," nikasema.

"Haicheleweshwi?"

"Mara chache. Inatua saa kumi kasoro dakika ishirini."

"Basi nitawahi, tena nitakuwa na muda wa kukaa naye kidogo." Sauti yake ikalainika. "Sitaki kitu kingine, Enda. Sitaki kikombe wala picha ya ukutani, Jarlath achukue vyote, amevitolea jasho. Nataka kumwona uso tu. Agosti nilimwacha amelala, nikasema nisimwamshe, nitamkuta Krismasi. Unaona mtu alivyo mjinga?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja tu, Dublin, lingetosha. Panda ya Dublin, dada. Nilikuwa nalo mdomoni. Mtu kaunta akagonga glasi yake, nikaitazama ile glasi.

"Safari njema, dada," nikasema.

"Mungu akubariki," akasema, akakata simu. Nikammiminia yule mtu bia yake.

Alhamisi nilifika kwa Gaughan saa nane mchana. Nyumba ilikuwa imejaa mpaka ngazini. Sahani za mikate iliyotiwa nyama ya nguruwe zilikuwa zinapitishwa juu ya vichwa vya watu, na jikoni Dympna Loftus, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anapika chai ya kutosha jeshi. Delia alilala chumba cha mbele amevaa gauni la bluu, rozari mikononi. Nilikuwa nimemtengeneza vizuri. Uso wake ulikuwa umerudi ulivyokuwa kabla ya ugonjwa, mpaka watu wakawa wanasema, tazama Delia, utadhani atatuuliza kama tumekula.

"Attracta atafurahi kumwona hivi," Dympna akaniambia. "Yuko njiani, eti?"

"Yuko njiani," nikasema.

"Lakini saa kumi si mapema kidogo? Au mimi ndiyo nazeeka?"

"Ndiyo saa aliyotoa Jarlath."

"Haya," akasema, akarudi kwenye birika lake. Ni mwanamke mwema na hakufikiria zaidi. Wanaume waliosimama uani walikuwa wamefikiria. Saa ya ndege wanaijua, nao wana watoto Luton. Niliwaona wanavyotazama saa zao, kisha barabara, kisha viatu vyao.

Saa tisa na nusu nilitoka nje kutazama gari. Upepo ulinipiga kisogoni na nikaduwaa, kwa sababu pale uani ukiwa umelielekea lango, upepo wetu wa kila siku hukupiga usoni. Ulikuwa wa mashariki, mkavu, wenye nguvu. Jarlath alikuwa amesimama mlangoni, amevaa suti ya mazishi ya baba yake.

"Unatazama nini?" akaniuliza.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu kama ninavyojibu siku zote. "Upepo wa mashariki. Unamsukuma rubani mgongoni. Leo ndege ya Luton itakuwa imetua dakika kumi na tano mapema, labda ishirini."

Sikuwa nimemaliza sentensi nikajua nilichofanya. Saa kumi ya tangazo siku zote ni saa kumi na robo, kwa sababu watu hawaishi kushikana mikono na padri haishi kutafuta miwani yake. Yule mwanamke angewahi. Kwa ile robo saa ya uzembe wetu wa kawaida angeingia, angevua koti, angemwona mama yake.

Jarlath alipiga hesabu hiyo hiyo, nilimwona anavyoipiga. Akaingia ndani, nikamsikia akisema kwa sauti kubwa, "Padri, tuanze rozari. Watu wamesimama sana."

Padri ni mzee na alifurahi kuwahi kumaliza. Salamu Maria zilikwenda mbio, moja ikimkanyaga nyingine kisigino. Ilipofika saa kumi kasoro dakika kumi, watu walikuwa wamepita mbele ya Delia na kutoka uani, na chumbani tukabaki watatu: Jarlath, mimi na yeye aliyelala.

Hapo ndipo huwa natoka nje, nimwachie mfiwa dakika zake. Jarlath akanizuia kwa mkono. "Kaa. Sichelewi."

Akainama juu ya mama yake. Nilidhani atambusu. Akamwekea mdomo sikioni, akasema polepole na wazi, kama anavyosemeshwa mzee asiyesikia vizuri, "Hajafika, mama. Unasikia? Attracta hajafika."

Halafu akanyooka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola, akaniambia, "Funga."

Nikafunga. Skrubu sita.

Wakambeba mabegani mpaka langoni, mwendo wa taratibu, maana njia ina mashimo. Tulikuwa ndiyo kwanza tumelisukumia jeneza ndani ya gari, mlango wa nyuma ungali wazi, nilipoisikia teksi. Ilikuja kwa mwendo wa wendawazimu, ikakwaruza ukuta wa mawe, na Attracta akashuka kabla haijasimama. Ilikuwa saa kumi na dakika sita. Alikuwa na sare ya kazini chini ya koti. Kwa mkono mmoja alishika mkoba, kiatu kimoja kilibaki kwenye tope akaja bila hicho.

Dereva wa teksi ndiye aliyemwambia njiani. Alisema baadaye baani kwangu, bila kujua anamwambia nani, kwamba alimuuliza abiria anakwenda wapi, akasema kwa Delia Gaughan, akamwambia, "Delia? Si wanamfunga saa kumi, redio imesema tangu jana." Eti yule mwanamke hakulia. Alisema tu, "Kanyaga mafuta, baba."

Umati ukampisha. Akafika nyuma ya gari, akaona kifuniko.

"Jarlath," akasema. "Uliniambia saa kumi na mbili."

"Mambo yalibadilika."

"Yalibadilika lini?"

Jarlath akatazama mbali, kwenye mashamba. Dympna wa watu, akidhani anasaidia, akasogea akamshika bega. "Mwanangu, redio ilitangaza tangu jana mchana. Hukuambiwa?"

Jana mchana. Nilimwona Attracta akiyashika hayo maneno mawili, akayapeleka mpaka jana jioni, mpaka kwenye simu. Akageuka, akanitafuta kati ya watu, akanipata.

"Nilikupigia jana jioni, Enda."

"Ulinipigia."

"Nikakuuliza."

"Uliniuliza ndege," nikasema.

Nilisema hivyo. Kuna watu sitini wa kushuhudia.

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alipangusa pua kwa mkono wa koti, kama mtoto, akaja karibu yangu mpaka nikasikia harufu ya ile sabuni. "Sawa," akasema. "Sasa nakuuliza vizuri. Kulifungua hili jeneza kunachukua muda gani?"

Dakika mbili. Skrubu sita, bisibisi ilikuwa mfuko wa koti langu, bado ina joto la kiganja. Dakika mbili kufungua, dakika moja atazame, dakika mbili kufunga. Padri alikuwa ndani ya gari lake anafuta miwani. Nikamtazama Jarlath. Uso wake ulikuwa umekauka, na hakunitisha wala kunikonyeza. Alikuwa ananingoja tu, kama alivyoningoja juzi pale kaunta.

"Nusu saa," nikasema. "Si chini ya nusu saa, dada. Na padri ana misa nyingine."

Palikuwa na wanaume kumi pale waliokuwa wamebeba majeneza maisha yao yote na kunishikia skrubu mkononi. Nilingoja mmoja wao anikanushe. Naapa nilingoja, na kama yeyote angefungua mdomo ningeshukuru. Mmoja alikohoa. Mwingine alikwenda kukiokota kile kiatu kwenye tope, akakipangusa vizuri kwa leso yake, akakiweka karibu na mguu wa Attracta bila kumtazama.

"Nusu saa," Attracta akasema, kwa sauti ya mtu aliyeelewa. Ni muuguzi, ameona miili mingi ikifungwa. Sijui kama aliniamini. Alivaa kiatu chake. Halafu akaingiza mkono ndani ya gari, akakilaza kiganja kwenye ncha ya jeneza iliyokuwa mlangoni, akaisugua mbao pole pole, akainama akaibusu. "Mama," akasema, "nimefika. Nimefika, mama, samahani." Akaweka shavu lake pale, akabaki hivyo muda mrefu, ananong'ona mambo yao, anaipapasa ile mbao kama anayempapasa mtu nywele.

Jeneza linaingia garini kichwa kikiwa mbele. Kinachobaki mlangoni ni miguu. Tulilijua hilo sote, na hakuna aliyemwambia.